Kiraka cha Kijani

Jumatatu, 3 Februari

Turubai mbili za wauza samaki. Tenti moja ya kanisa, imechanika pembeni kwenye msiba wa juzi. Cherehani inakula vumbi la kiangazi pamoja nami. Mgongo unauma, macho yanawasha. Ndivyo Mvara, hapa Arua, ilivyo mwezi wa pili.

Letaru amerudi kutoka Koboko mchana. Alikwenda kumwona rafiki wa shule, anasema. Nimefua gauni lake. Linanuka petroli. Nikalinusa tena. Petroli. Rafiki gani wa shule anampaka mgeni petroli? Kikulacho ki nguoni mwako.

Binti yangu amesomea ualimu, na hajui kudanganya. Akidanganya anajikuna shingo. Leo amejikuna mpaka pakawa pekundu.

Harusi yake ni tarehe mosi Machi. Kanisani hapa Mvara asubuhi, kisha anapelekwa kwa mume, Midia, karibu na Koboko. Nawaza magendo. Mpaka wa Sudan Kusini uko pale pale, na madumu ya petroli yanapita vichochoroni kila siku. Mkwe wangu anasema kazi yake ni kutengeneza jenereta. Labda. Mwaka mzima anakuja hapa na mimi namjua kwa viatu tu: buti za kahawia, kamba nyekundu. Desturi ni desturi. Akiingia uani, mimi naingia ndani. Tukikutana njiani, yeye anaingia majanini mpaka nipite. Jina lake silitamki, na hata hapa sitaliandika. Lakini utamchunguzaje mtu ambaye huruhusiwi kumtazama usoni? Mwizi yeyote angeomba apewe mama mkwe wa namna hii.

Naandika kwa Kiswahili changu cha shule ya Kongo, tulikokimbilia nikiwa mdogo. Letaru anakisema lakini kukisoma ni mvivu. Daftari liko salama.

Jumatano, 5 Februari

Letaru ameleta kazi. Gunia, na ndani yake kitambaa kipana kilichokunjwa ovyo. Ametumwa na Mkwe. Eti tenti ya harusi, imechanika, nishone haraka.

Nimekitandaza uani. Si tenti.

Nimeshona tenti tangu marehemu baba yake Letaru alipokuwa jeshini. Hii ni nyembamba, ngumu kidogo, inalia kama karatasi ukiikunja. Nyeupe. Ina mifuko mirefu myembamba, mmoja baada ya mwingine, ya kuingizia fimbo. Tenti gani inaingizwa fimbo kama mbavu? Jua limeila. Ukiisugua kwa kidole inaacha unga. Na mchaniko ni mrefu, umefuata mfuko mmoja tangu ukingoni hadi karibu na katikati. Panya hachani hivyo. Mti au ukuta, ndiyo.

Nikamwuliza imechanikaje. Panya. Nikamwuliza tenti hii ilitoka wapi. Kwa mzungu mmoja aliyefanya kazi na Mkwe huko Sudan Kusini, akarudi kwao akaiacha. Nikamwuliza mbona Mkwe hakuja kunieleza kazi yake mwenyewe, hata kwa kusimama nje ya ukuta. Akacheka. Mama, yeye anakuogopa.

Alijikuna shingo kwenye panya. Kwenye mzungu hakujikuna. Kwa hiyo mzungu ni kweli.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemaliza. Kitambaa cheupe kizito kimeniishia, nikaweka kiraka cha kijani, kipande cha tenti ya wauza kuku. Kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Letaru alikunja uso, eti kitaharibu picha. Nikamwambia nani anapiga picha paa la tenti.

Nimeshona kwa uzi wa pamba, ule wa siku zote, na sindano nene. Mshono wa karibu karibu. Kwa tenti unatosha kabisa. Tenti ikifumuka, watu wananyeshewa, wanacheka, wanahamia ndani.

Amekichukua kile kitambaa kabla hata sijakata nyuzi za mwisho. Haraka ya nini? Wiki tatu bado.

Jumapili, 9 Februari

Mkwe alikuja baada ya ibada kumsalimu shemeji Onzima, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye anasimamia mambo ya posa. Nikaingia ndani kama inavyopasa. Pazia la mlango halifiki chini. Buti za kahawia zilipita. Ya kushoto inaburuta.

Na alipoinama kufunga kamba nikaona mikono ya shati: mirefu, imefungwa vifungo hadi kwenye viganja. Joto lile, hata mchungaji alikunja mikono yake. Mtu huyu anaficha mkono. Na mguu. Nilimwuliza Onzima kama mkwe wetu ameumia. Akasema labda kiatu kinambana.

Kinambana kimoja tu?

Jumatano, 12 Februari

Leo nimejua.

Mama Keji alikuja kuchukua turubai ya kibanda chake. Ni mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, anauza vitenge na sabuni sokoni Koboko, mwanamke wa maneno mengi na yote huwa kweli. Alikuwa anakagua kazi yangu huku anasimulia habari za huko. Akasema watoto wa Midia hawaendi tena masomo ya Jumamosi. Wanakwenda kutazama mtu anayeruka.

"Iko mutu moja anaruka na pikipiki ya hewa," akasema. "Mimi iliona na macho yangu. Injini inalia nyuma, yeye iko anakaa chini, juu iko bawa ya kitambaa."

Nikamwuliza bawa la rangi gani. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilikuwa nimeshajua.

Akashika ukingo wa turubai yake, akanionyesha kipande kilichobaki mezani. "Nyeupe. Lakini upande ya kushoto iko na kiraka, kijani kama hii yako."

Nikakaa. Mama Keji akadhani ni jua, akaniletea maji.

Si magendo basi. Si mke wa pili, maana na hilo nilikuwa nimeshaliwaza. Ningeshukuru angekuwa mke wa pili. Mke wa pili haanguki kutoka juu.

Alhamisi, 13 Februari

Onzima ni mlinzi kwenye lango la uwanja wa ndege hapa Arua. Nikamwendea kazini. Sikumwambia mara moja. Nilianza na kuuliza tu, maana kuuliza si ujinga: mtu akitaka kurusha ndege ndogo ya kitambaa, anahitaji nini?

Akavimba kifua, anapenda kuulizwa. Rubani awe na leseni. Ndege iwe na karatasi zake, ikaguliwe, mshono na kamba na kila msumari. Watu wa anga waambiwe kabla hajapaa. Na kule mpakani ndiyo zaidi, askari wakiona kitu kisichojulikana kinatoka upande wa Sudan Kusini hawaulizi jina kwanza. Akasema hata wenye leseni na ndege ndogo hawaruki jua likiwa kali, kwa sababu hewa ya mchana inapanda na kushuka na vimbunga vya vumbi. Wanaruka alfajiri hewa ikiwa imelala.

"Gari ikizima, mutu anashuka anasukuma," akasema. "Hii atasukuma nini?"

Ndipo nikamwambia ni Mkwe. Kifua kikashuka.

Kumbe alikuwa amesikia. Nilimwona usoni. Alikuwa amesikia tetesi akazikalia, kwa sababu harusi iko karibu na ng'ombe wameshakubaliwa. Nimemkasirikia kuliko ninavyomkasirikia yule anayeruka. Nikamtuma: Jumamosi nenda Midia, umwambie Mkwe kwamba kitambaa kile nilikishona kama tenti. Uzi ni wa tenti. Kitambaa chenyewe kimeoza kwa jua. Asikipandishe hata futi moja. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Akaniapia.

Jumapili, 16 Februari

Onzima amerudi na debe la simsim, ufuta mweupe. Zawadi ya Mkwe kwangu. Mkwe anashukuru sana kwa salamu zangu na kwa kazi nzuri ya mshono.

Kazi nzuri ya mshono!

Nikamwuliza alisema nini huko. Akazunguka, akasifu kuku waliomchinjia, akasifu mahali palivyofyekwa. Nikamwuliza tena, alisema nini. Mwishowe ikatoka.

"Mutu hawezi kubebea mukwe maneno ya kupiga," akasema. "Mimi ilimwambia mama anasalimia, anaomba ukae na uangalifu."

Basi hicho ndicho kilichofika. Salamu. Maneno yangu yalitoka hapa na mawe, yakafika kule na asali. Si mwongo Onzima. Ndivyo ujumbe wa ukweni unavyobebwa, unapakwa mafuta njiani ili usikwaruze. Hata mimi nimeshabeba wa namna hiyo. Lakini sasa Mkwe anaamini nimeusifu mshono wangu, na kiraka kiko juu ya kichwa chake.

Simsim sijaigusa.

Jumatatu, 17 Februari

Nimembana Letaru jikoni, nikasimama mlangoni ili asipite.

Amesema yote. Yule mzungu alikuwa akiruka juu ya mabwawa ya Sudan Kusini kupiga picha za wanyama, na Mkwe ndiye alikuwa fundi wa injini yake. Alikuwa akipakiwa nyuma. Siku chache mzungu alimwachia ashike usukani. Vita ilipowaka mzungu akaondoka, kile kitu kikabaki ghalani, na Mkwe akakileta kwa lori kimefunikwa magunia. Mengine amejifunza kwenye video za simu. Leseni hana. Shule ya urubani iko mbali na ni ya watoto wa wakubwa, anasema.

Na mpango ni huu: siku ya harusi, baada ya kanisa, wote wawili watatangulia kwa gari hadi shamba moja nje ya Koboko, halafu watatua Midia kutoka angani, mbele ya ukoo mzima. Bwana na bibi harusi. Nilidhani nimesikia vibaya.

Nikamwuliza kitambaa kilichanikaje, na safari hii asiniletee panya. Nikamwuliza kuhusu mkono wa shati na mguu.

"Yeye ilianguka mara moja tu," akasema. "Ilikuwa upepo, mama. Chini kabisa, kwa muhogo."

Mara moja tu. Kana kwamba watu hupewa kadhaa.

Nikamwambia sasa mwambie wewe. Wewe huna desturi ya kukuzuia, mwambie uzi ni wa tenti. Akasema atamwambia. Hakujikuna shingo, lakini alikuwa ameshikilia sufuria kwa mikono yote miwili. Sijui.

Nina hofu, na nina hasira kwamba nina hofu peke yangu.

Jumatano, 19 Februari

Nilipeleka tenti Arua Hill, kwenye ofisi moja ya serikali. Kazi ya kawaida. Nikapita mbele ya polisi nikienda, nikapita tena nikirudi. Sikuingia.

Nikiingia, Mkwe anafungwa. Letaru hanisamehei, na ukoo wao utasema mama mkwe alimpeleka kijana wao jela kabla ya harusi. Nisipoingia, je?

Onzima anasema ningoje. Anasema mambo ya wakwe hayaendi kwa mbio.

Kule juu mambo yanaendaje, hajui.

Ijumaa, 21 Februari

Letaru amefungasha nguo. Anakwenda Koboko kulala kwa rafiki wa shule.

Sikuuliza rafiki gani. Nilimwuliza kama alimwambia Mkwe kuhusu uzi. Akasema ndiyo. Mkwe amesema mama ni fundi mkubwa, anajidharau tu. Mkwe amesema ukivuta kile kiraka kwa mikono hakitoki.

Bila shaka hakitoki kwa mikono! Nimekishona ili kisitoke kwa mikono.

Baada ya yeye kuondoka nilitazama chumbani. Gauni zuri lipo. Viatu vizuri vipo. Amechukua suruali, ile nzito. Msichana haendi kwa rafiki na suruali ya kulimia. Kesho Jumamosi. Wanafanya mazoezi ya harusi, na yeye atapakiwa.

Asubuhi nakwenda Midia. Sitatuma mtu.

Jumapili, 23 Februari

Naandika hospitalini Arua, kwenye benchi la nje. Nitaandika jana ilivyokuwa, kabla watu hawajaanza kunisimulia ilivyokuwa.

Niliondoka mapema lakini gari lilikawia stendi likingoja abiria. Kila mtu alikuwa na sababu ya kushuka kununua kitu. Nilipofika Koboko jua lilikuwa limeshapanda, nikachukua boda hadi Midia. Niliomba njia nzima kwamba wawe wameshamaliza, alfajiri, hewa ikiwa imelala. Hawakuwa wamemaliza. Walikuwa wanamngoja mjomba wa Mkwe, mwenye simu ya picha nzuri.

Malisho yamefyekwa yakawa uwanja. Watu wengi pembeni, upande wao, wanawake wamekaa na watoto. Na kile kitu katikati: magurudumu matatu, kiti kimoja nyuma ya kingine, feni nyuma, bawa jeupe juu. Kiraka changu upande wa kushoto. Ni kweli kinaonekana mbali. Letaru alikuwa kiti cha nyuma na kofia ngumu kichwani. Injini ilikuwa inanguruma.

Nikatembea katikati ya uwanja. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Dada yake Mkwe alikuja mbio amekunjua kitenge, anikinge tusionane. Nikamsukuma. Nikasimama mbele ya gurudumu la mbele, nikamtazama usoni, nikasema jina lake.

"Wani. Ile mushono ni yangu. Uzi iko ya tenti. Shusha mutoto yangu."

Nimeliandika sasa. Wani. Ana uso wa kijana mdogo kuliko viatu vyake.

Aliinamisha kichwa mpaka kofia ikagusa chuma. Ulimwengu mzima ulikuwa unamtazama akitazamwa na mama mkwe. Letaru akashuka mwenyewe, analia kwa hasira, akanipita bila kunitazama. Nilidhani imekwisha. Nilisogea pembeni kumfuata.

Mkwe akikutana na mama mkwe njiani anaingia majanini. Pale majani yalikuwa yamefyekwa yote. Akaingia angani.

Sidhani alitaka kuruka. Nadhani alitaka tu kuondoka mbele yangu, na kile kitu hakina njia nyingine ya kuondoka. Kilibiringika, kikaruka ruka kwenye matuta, kikapanda. Watu wakapiga vigelegele. Wapumbavu. Alipanda juu ya miti, akageuka upande wa muhogo, na pale vumbi lilikuwa linazunguka kutoka shambani kama linavyozunguka kila mchana wa kiangazi. Bawa likatikisika.

Mlio nilioufuata naujua. Ni ule wa kufumua mshono wa turubai kwa mikono miwili. Nimeusikia maisha yangu yote mezani kwangu, sikuwahi kuusikia kutoka juu. Upande wa kushoto ukalegea, ukajikunja, na akaanguka akizunguka.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu tulipokimbilia Kongo.

Alikuwa hai, amenaswa kwenye vyuma, katikati ya muhogo uliovunjika. Mguu wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Petroli inadondoka, wanaume wanapiga kelele mtu asiwashe sigara. Macho yake yalikuwa wazi. Hayakunitazama mimi. Yalitazama bawa lililolala kando yake, palipofumuka, kwa muda mrefu. Nami nikatazama. Kiraka kilikuwa kimeshikwa upande mmoja tu. Upande wa pili uzi ulikuwa umekatika, tundu kwa tundu, na kitambaa chenyewe kizima. Kitambaa kile kibovu kilishinda uzi wangu.

Nikavua kitenge changu nikamfunga mguu. Nilimgusa. Wanawake wa upande wake waligeuza nyuso, hakuna aliyenizuia. Wanaume waliporudi na mlango waliong'oa wa kumbebea, nilichukua mkasi wangu mfukoni nikakata upande uliobaki, nikatia kiraka kwenye mkoba. Sijui nilikuwa namficha nani. Mimi, nadhani.

Letaru alikaa nyuma ya gari lililombeba na kichwa cha Wani mapajani. Hajasema nami neno.

Jumanne, 25 Februari

Mguu umevunjika mara mbili, na mbavu. Daktari anasema atatembea, polepole. Anasema angekuwa na mtu kiti cha nyuma, ile injini na feni vingemkuta yule wa nyuma kwanza. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiandika.

Letaru alikuwa amesimama pale. Aliomba kwenda nje.

Askari wamekuja kuuliza leseni. Hana. Karatasi za ndege. Hana. Injini imefungiwa kituoni Koboko, na akipona atakwenda kujibu. Onzima anatembea kati ya askari na ukoo na hospitali, sasa anasema kila kitu waziwazi, kwa sauti kubwa, kwa kila mtu. Amechelewa.

Anasema pia lazima mbuzi achinjwe kuondoa aibu, kwa sababu nimetaja jina na nimegusa. Nikasema sawa. Mguu ushike kwanza.

Jumamosi, 1 Machi

Leo ingekuwa harusi.

Tenti mbili za wageni nilizoshona mwenyewe ziko kwenye stoo. Nimempelekea Letaru chakula hospitalini. Alipokea. Akasema asante, mama. Akarudi ndani.

Kuna swali ninalizunguka kama kuku anavyozunguka nyoka. Kama ningenyamaza pale uwanjani, wangepanda wawili. Hilo najua. Lakini je, kama ningesimama nyuma ya dada yake, nyuma ya kile kitenge, na kumwita Letaru peke yake? Angezima injini? Namshuku kila mtu, ni tabia yangu, marehemu alikuwa ananicheka. Sasa nimejifikia mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha. Vumbi limelala.

Letaru amekwenda kanisani. Dada zake Wani wamerudi Midia kupanda mbegu. Kwa hiyo leo kumpelekea uji hospitalini ilikuwa zamu yangu. Wiki iliyopita nilishona pazia kwa kitambaa cheupe cha tenti, nikalitundika kwa kamba kuzunguka kitanda chake, ili niweze kuingia wodini bila kumwaibisha tena. Wagonjwa wengine wanadhani ni la baridi. Linafika karibu chini. Mguu wenye plasta unatokeza upande wangu, na vidole vitano. Zamani nilimjua kwa viatu, sasa namjua kwa vidole.

Niliweka bakuli kwenye kiti. Nilikuwa nageuka kuondoka aliposema kutoka ndani ya pazia, taratibu, kama mtu aliyejifunza maneno kwa moyo.

"Mama. Mushono yako ilishika. Kitambaa ndiyo ilipasuka, kando yake. Mimi iliona."

Nilisimama pale. Jirani wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Vidole vya mguu vilikuwa havitikisiki.

Alivyoutazama ule mshono pale kwenye muhogo, nilimwona. Aliona nilichokiona. Kiraka kiko nyumbani kwenye sanduku la vitambaa, kizima, na uzi wake umekatika wote upande mmoja. Tenti, panya, kiatu, rafiki wa shule, nimekamata kila neno la uwongo lililopita mlangoni kwangu mwaka huu. Hata hili nimelikamata, lilipokuwa bado mdomoni mwake. Na yeye anajua ninavyokamata.

Nilisema nimesikia. Kisha nikasukuma kiti mpaka ndani ya pazia, nikamwambia anywe, uji unapoa.